Kisukari: Kujisikia Vizuri Si Kupona



Mgonjwa wa kisukari akishatumia dawa kwa muda, kiu hupungua, safari za chooni usiku huwa chache na nguvu humrudia. Wengi hapo hudhani wamepona, wakaacha dawa. Sukari hupanda tena kimyakimya, ikaharibu macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu.

Kongosho hutengeneza insulini, homoni inayoiwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia katika seli za mwili. Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni au ujanani, kinga ya mwili huziharibu seli zinazotengeneza insulini. Mgonjwa huyo hana budi kuchomwa insulini kila siku. Kabla ya tiba hiyo kuanza kutumika mwaka 1922, watoto wenye ugonjwa huu hawakuishi muda mrefu. Kumwachisha mtoto insulini ili ajaribiwe mitishamba ni kuhatarisha uhai wake ndani ya siku chache.

Aina ya pili ndiyo yenye wagonjwa wengi zaidi. Insulini ipo, lakini haitoshi au mwili hauiitikii ipasavyo. Uzito uliozidi, kutoushughulisha mwili na urithi wa ukoo huchangia. Kipo pia kisukari cha ujauzito, ambacho kwa kawaida huondoka baada ya kujifungua, ingawa mama hubaki katika hatari ya kupata aina ya pili baadaye.

Udhibiti huanzia nyumbani. Nusu ya sahani iwe mboga, robo ugali au wali, na robo maharage, samaki au nyama. Kutembea kwa haraka nusu saa, siku 5 kwa wiki, husaidia. Nyayo zikaguliwe kila jioni, kwa maana ganzi huficha kidonda, na kidonda kilichopuuzwa huweza kusababisha mguu kukatwa. Mgonjwa akitoka jasho, akitetemeka na kuona njaa ya ghafla, huenda sukari imeshuka: apewe maji ya sukari iwapo anaweza kumeza.

Dawa ipunguzwe au ibadilishwe kwa ushauri wa daktari, baada ya kipimo. Kipimo ndicho kinachosema kweli. Mwili unaweza kudanganya.