Kunyoosha Bodi ya Gari Kuukuu

Walio nyuma wasogee karibu na redio wasikie vizuri. Juma lililopita tulijifunza kupima mbao kwa rula. Leo wekeni rula hizo mezani, maana tutazitumia tena, lakini katika gereji.

Nitawaeleza habari za gari moja ninalolijua, kwa sababu lilikuwa la baba yangu. Ni Peugeot 404. Magari ya namna hii yalianza kuuzwa mwaka 1960, nayo yana mapezi mawili madogo upande wa nyuma, kama ya samaki. Wazee watakumbuka sifa zake. Yalishinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki mwaka 1963, tena mwaka 1966, 1967 na 1968, katika njia za matope na mawe. Gari la baba lilitengenezwa mwaka huo wa 1968. Yeye alilinunua likiwa limekwisha tumika.

Baba alipofariki, gari lilikaa chini ya mwembe miaka sita. Ndugu zangu wakasema liuzwe kama chuma chakavu. Mama hakubishana nao. Alisema tu, "Mlango ule wa kushoto ndio alionifungulia siku niliyotoka hospitali na mtoto mikononi." Mtoto mwenyewe ni mimi. Basi halikuuzwa.

Mlango huo ulikuwa umebonyea zamani kwa kugonga nguzo ya lango. Fundi mmoja akaufanyia kazi, akapaka rangi, na kwa mwaka mmoja ulipendeza sana. Baadaye rangi ikapasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Nilipochokoa ufa mmoja kwa bisibisi, kikaanguka kipande cha puti chenye unene wa kidole changu. Chini yake bati lilikuwa jekundu kwa kutu. Fundi hakunyoosha kitu. Alijaza shimo tu.

Puti si kitu kibaya, msinielewe vibaya. Kila fundi bodi huitumia. Lakini kazi yake ni kusawazisha makwaruzo na mawimbi madogo yaliyobaki baada ya nyundo. Tazameni rula zenu: hesabuni vistari vidogo vitatu. Hizo ni milimita 3, na puti isizidi hapo. Ikiwa nene, haiendi pamoja na bati. Bati hutanuka juani na kutetemeka mlango unapofungwa kwa kishindo, lakini puti ni ngumu, nayo hupasuka. Maji huingia katika ufa, na kutu huanza mahali usipopaona.

Anayetaka kununua gari kuukuu achukue sumaku ndogo, aifunge katika kitambaa laini, aipitishe juu ya bodi. Penye chuma itashika. Penye puti nene italegea au kuanguka. Lakini angalieni: Land Rover za zamani, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1948, zina bodi ya aluminiamu kwa sehemu kubwa, na sumaku haishiki aluminiamu. Mtu asije akamgombeza muuzaji bure.

Sasa tuje kwenye kunyoosha. Bati la mlango ni jembamba, kiasi cha milimita 1 hivi. Likigongwa hupata shimo, na kando ya shimo huinuka ukingo. Wengi huona shimo tu, wakalipiga kutoka ndani kwa nyundo nzito. Hilo ndilo kosa kubwa. Ule ukingo umelikaza shimo kama pete. Kwanza legeza ukingo, ukianzia pembeni na kuelekea katikati. Mahali palipokunjika mwisho ndipo pa kukunjua kwanza.

Vyombo ni viwili. Kimoja ni nyundo ya bodi, yenye uso bapa uliong'arishwa, kwa maana kila alama ya nyundo huhamia kwenye bati. Cha pili ni fuawe dogo la kushika mkononi. Mafundi huliita doli. Vua kitambaa cha ndani ya mlango, ingiza mkono na doli, ukalikandamize chini ya shimo. Kwa nje, piga ukingo ulio kando yake. Ukingo hushuka, na doli husukuma shimo juu. Pigo liwe jepesi, na mapigo yawe mengi. Shimo likisha kupanda, peleka doli chini kabisa ya mahali unapopiga, ulainishe mawimbi madogo. Hapo sauti hubadilika. Nyundo ikiangukia juu ya doli hulia kwa sauti kali, na ikiwa doli lipo kando sauti huwa nzito. Fundi mzoefu hufuata sikio, kwa sababu mkono wa ndani hauoni.

Nawauliza swali. Ukipiga bati jembamba kati ya nyundo na doli, mara nyingi na kwa nguvu, bati huwa kubwa au dogo?

(Kituo kidogo.)

Huwa kubwa, kama chapati chini ya mpini. Linakuwa jembamba na pana kuliko nafasi yake, kisha hubonyea na kurudi kwa mlio, kama kifuniko cha kopo. Mimi mwenyewe niliuharibu mlango wa baba namna hiyo siku ya kwanza, kwa haraka yangu. Fundi mzee jirani yetu akanisaidia. Alichoma sehemu moja kwa moto wa gesi, doa dogo kama sarafu, mpaka likawa jekundu. Akaligonga taratibu, kisha akalipoza kwa kitambaa chenye maji. Bati lilijikunyata. Akarudia mahali pengine panne, na mlio ukaisha. Hakunidai kitu, ila alinicheka.

Kuangalia kama bati limenyooka, usitegemee macho peke yake. Weka kitambaa chembamba juu ya bati, pitisha kiganja polepole, ukiangalia pengine. Kiganja kitakuambia.

Kabla ya kusugua rangi ya zamani, sikilizeni sana. Rangi nyingi za miaka ile zilikuwa na madini ya risasi, na viwanda vilitumia risasi kujaza maungio ya bodi. Vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Sugua kwa msasa wa maji, ziba pua na mdomo kwa barakoa ya vumbi, nawa kabla ya kula, wala usiende nyumbani na nguo za kazi.

Mlango ulipokuwa tayari, niliona kwamba haufungiki sawasawa. Sababu haikuwa mlango. Peugeot 404 haina chasisi ya pekee kama lori, bali bodi yenyewe hubeba mzigo. Kizingiti kilicho chini ya milango ni sanduku la bati lenye kubeba uzito huo. Nilikigonga kwa mpini wa bisibisi, nao ukaingia ndani. Hapo tena palijazwa puti na kupakwa rangi. Mama alikaa juu ya kizingiti kile kwa miaka mingi.

Hapa puti haina kazi hata kidogo, wala nyundo. Ilitupasa kuegemeza bodi kwa vigogo isije ikapinda, kukata kutu mpaka chuma safi, na kuchomelea bati jipya. Betri ilifunguliwa na tangi la petroli likatolewa kwanza, likawekwa mbali. Kazi hii sikuigusa. Ni ya fundi aliyefundishwa, nami nilimlipa zaidi ya thamani ya gari. Ndugu zangu bado wanalisema jambo hilo.

Sasa mlango unafungika kwa kidole kimoja. Rangi bado. Lina mabaka ya kijivu kila upande, na mama amekataa kupanda mpaka lipakwe.

Andikeni maneno haya katika daftari: bonyeo, ukingo, fuawe, kizingiti. Juma lijalo tutajifunza kuchanganya rangi na kuhesabu sehemu za mia. Kwaherini.