KUNYONYA, KUSAIDIA, KUSAIDIANA

Ndugu wanakisomo wa Tarime na Serengeti,

Leo tuzungumze juu ya maneno. Kuna uhusiano ambao kila upande unapata faida. Je, tunautajaje?

Tuanzie zizini. Kupe amemganda ng'ombe. Anakunywa damu, ananenepa. Ng'ombe yeye anapata nini? Anapata ndigana. Hapo neno lake ni kunyonya.

Sasa tumtazame yule ndege mwenye mdomo mwekundu, anayepanda mgongoni mwa ng'ombe na nyati. Anakula kupe. Ndege anashiba, na mnyama anapumzika. Hapo tunasema wanafaana. Lakini tumwangalie vizuri! Siku nyingine ndege huyo huyo anadonoa kidonda cha ng'ombe na kunywa damu. Siku hiyo naye ananyonya. Basi tusitazame sura wala jina. Tutazame nani anatoa nini, na nani anapata nini.

Haya, someni maneno haya kwa sauti:

kusaidia – kusaidiana
kutegemea – kutegemeana
kufaa – kufaana

Mmeuona ule mkia, -ana? Ni mdogo, lakini kazi yake ni kubwa. Tukisema "Chacha anamsaidia Marwa", msaada unakwenda njia moja. Tukisema "Chacha na Marwa wanasaidiana", msaada unakwenda na kurudi. Na tukisema "wanategemeana", maana yake mmoja akikosekana, mwingine naye anakwama. Ndivyo walivyo nyuki na ua la boga. Nyuki anapata chakula, na bila nyuki boga halishiki.

Lakini mkia huo peke yake hauleti wema. Hata kupigana na kuibiana ng'ombe kuna -ana, na mwisho wake sote tunaujua.

Sasa twende shambani. Chacha ana maksai na plau. Marwa hana maksai, ila ana nguvu na vijana nyumbani. Chacha akimlimia Marwa, na Marwa akampalilia Chacha, huko ni kusaidiana. Kaya nyingi zikilima kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, huo ni ujima. Wawili wakilima shamba moja na kugawana mavuno, huo ni ubia. Watu wengi wakiwa na hisa, daftari na mikutano, huo ni ushirika. Na Chacha akimlipa Marwa fedha kwa siku, hicho ni kibarua.

Maneno hayo si mamoja. Ugomvi mwingi unazaliwa hapo. Huyu anadhani ni ubia, yule anadhani ni kibarua. Wakati wa jembe wote wanacheka. Gunia likijaa, kila mtu analikumbuka neno lake, na kesi inakwenda barazani.

Lipo neno jingine tunalolisikia sana huku: ujirani mwema. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, linatumia neno hilo kwa kazi zake na vijiji vinavyopakana na hifadhi. Tena wilayani Serengeti vijiji 5 vimetenga ardhi pamoja, vikaunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Ikona, ili mapato ya watalii na uwindaji yafike vijijini. Ni neno zuri. Lakini tembo hasomi mpaka. Anaingia kwenye mahindi usiku. Basi neno hilo nalo tulipime kwa kipimo kile kile. Mgeni ameacha nini kijijini? Tembo amekula nini shambani? Hesabu zikisomwa kwenye mkutano wa kijiji, sisi tuliojifunza kusoma tuzisikilize, tuombe kuziona, tuulize.

Ndugu, kazi yetu ya wiki hii ni ndogo. Kila mmoja achague mapatano yake moja: ya maksai, ya kulishiana ng'ombe, au ya duka. Apige mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja aandike NINATOA, upande wa pili NINAPATA. Chini aandike: hasara ikitokea, nani anaibeba? Mwenzake naye afanye hivyo hivyo. Kisha wakae, wasomeane, walichague neno wote wawili, watie sahihi. Kila mtu abaki na karatasi yake.

Tufanye hivyo sasa, kabla plau halijaingia shambani.