Mpaka wa Dunia na Upepo wa Jua

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya sayansi kabla ya chakula. Nitazungumzia mpaka ambao hakuna aliyeuona kwa macho, ingawa sote tunaishi ndani yake.

Kila aliyepita maabara ya fizikia anakumbuka jinsi unga wa chuma unavyojipanga juu ya karatasi yenye sumaku chini yake. Dunia nayo ni sumaku, na mistari yake ya nguvu imeenea mbali angani. Lakini jua nalo hutoa upepo. Upepo huo si hewa bali ni plazma, yaani gesi yenye joto kali hata elektroni zimeachana na atomi zake. Huvuma kwa kasi ya kilometa 400 hivi kwa sekunde. Mahali ambapo msukumo wake unalingana na ule wa sumaku ya dunia ndipo penye mpaka. Upande wa jua, mpaka huo uko kiasi cha kilometa 65,000 kutoka kitovu cha dunia. Jua likichafuka, husogea karibu zaidi.

Je, mpaka huo ni ukuta? Kwa kawaida plazma hufuatana na mistari yake ya sumaku, hivyo ya jua na ya dunia zisingechanganyika. Lakini mwaka 1961 Mwingereza James Dungey alisema mlango upo. Sumaku iliyobebwa na upepo wa jua ikielekea kusini, hukabiliana na ya dunia inayoelekea kaskazini. Hapo mistari hukatika na kuungana upya, ya huku na ya kule, na nguvu za jua huingia.

Wazo hilo lilibishaniwa miaka mingi. Mwaka 1979 vipimo vya satelaiti za ISEE vilionyesha plazma ikitimka mpakani kama ilivyotarajiwa. Kisha Machi 2015 Marekani ilirusha satelaiti nne za MMS, na tarehe 16 Oktoba zikapita mahali penyewe mistari inapokatika. Mlango ukapimwa. Dungey alikuwa amefariki mwezi Mei mwaka huohuo.

Ndugu zangu, msidhani mambo haya yanaishia huko juu. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya jua ilizima umeme katika jimbo la Quebec, Kanada, na watu wapatao milioni 6 wakakaa gizani kwa saa 9 hivi.

Kwa vijana walio bado madarasani nina neno moja. Dungey alikuwa na kalamu, karatasi na hesabu; vyombo vya kupima vilikuja baadaye. Msingoje vyombo ndipo mfikiri.