WAZEE WETU WASIITWE WACHAWI
Hotuba kwa wanachama, Ikonge



Leo sisemi habari ya mishahara. Mwezi wa Oktoba, mwaka 2021, huko Marani, Kisii, kundi la watu liliwaua akina mama wazee wanne kwa kuwaita wachawi. Hapakuwa na shahidi wala hakimu.

Sisi wachuma chai twajua uchungu wa kushtakiwa bila kusikilizwa. Mwenzetu akifukuzwa kazi kwa uvumi tu, twasimama wote. Mbona mama wa jirani akinyoshewa kidole twanyamaza? Mara nyingi nyuma ya neno hilo "mchawi" kuna shamba linalotamaniwa.

Sikieni sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, yataka wazee waishi kwa heshima bila kuteswa. Kifungu cha 59 kimeweka Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Kazi yake ni kupokea malalamiko, kuyachunguza, na kumtafutia haki aliyeonewa. Ofisi yake moja iko Kisumu. Lakini Tume haioni kila boma la Ikonge. Sisi ndio tunaoona.

Basi ukisikia fununu, usingoje usiku uingie. Mwambie chifu na polisi upesi. Kisha iandikie Tume: kijiji gani, siku gani, maneno gani yalisemwa. Asiyejua kuandika na aje kwa katibu wa tawi, ataandikiwa.

Chama ni ngao ya mnyonge, kazini na nyumbani pia.

Umoja ni nguvu.