Historia ya Ng'ambo ya Ziwa



Wanafunzi hutuuliza sisi walimu kama historia ya Kongo ilitendeka Kinshasa tu. Hapana. Tarehe 24 Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma hii, akashukia Kibamba, upande wetu wa Fizi, kuwasaidia waasi. Novemba akarudi kwa maji yale yale, ameshindwa. Laurent-Désiré Kabila hakukata tamaa: mwaka 1967 alianzisha chama cha PRP milimani kwetu, makao yakawa Hewa Bora. Dhahabu ilivushwa kwa magendo. Mei 1975 wapiganaji wake walivuka hadi Gombe, wakateka watafiti wanne. Jambo hilo halikutupa sifa. Tarehe 17 Mei 1997 akajitangaza Rais. Sisi tulikuwa tumeshakimbilia huku tangu 1996, kwa vita ile ile iliyompeleka ikulu.

Wazee mlioishi maki, mnatutoka mmoja mmoja. Tunawaomba mje darasani Jumatano baada ya mgao, mtusimulie, hata yale machungu. Madaftari tunayo. Kalamu bado tunaomba.