Mbegu zilizochelewa njiani: maelezo ya wajumbe mbele ya mukutano wa memba, Kalemie

 

Mulitutuma watu watatu Lubumbashi, tununue mbegu ya mahindi na ya karanga kwa ajili ya memba waliorudi na wanaanza shamba upya. Mbegu ilipashwa kufika mbele ya mvua ya kwanza. Ilifika wakati mvua ilikuwa imenyesha tayari zaidi ya wiki moja. Watu wanauliza, na wako na haki ya kuuliza. Leo tunatoa hesabu.

Kwanza njia yenyewe. Reli ilifika hapa Kalemie mwaka 1915, ikitoka Kabalo. Kabalo na Kamina ziliunganishwa mwaka 1956 tu. Ni njia moja: treni moja ikiharibika mbele, zote za nyuma zinasimama. Tena, toka Lubumbashi mpaka Kamina treni inavutwa kwa umeme, lakini toka Kamina kuja kwetu inahitaji lokomotive ya mazutu. Kama ile ya mazutu haiko, mutalala Kamina.

Na sisi tulilala, usiku sita, pale kwenye gare, juu ya mifuko. Asubui tunauliza, tunaambiwa, "Kesho." Kesho yake tunauliza tena: "Kesho." Bei ya bukari ilikuwa inapanda kila siku, na bidoni ya maji vilevile. Kisha tukaondoka. Mbele ya kufika Kabalo treni ikasimama katikati ya pori siku tatu, kwani vago ya mizigo ilikuwa imetoka reli huko mbele. Hiyo tulikuja kuijua nyuma, kwa watu waliopita na kinga. Hakuna aliyekuja kutuambia kitu. Wenye nguvu walishuka wakatembea kwa miguu. Sisi hatungeweza kuacha mbegu yenu.

Katika vago yetu mulikuwa mama mumoja na watoto wane, anarudi Nyunzu. Chakula chake kiliisha siku ya kwanza. Alitazama mifuko yetu, lakini hakuomba. Mutoto mudogo ndiye aliomba.

Mahindi ilikuwa imepakwa dawa ya rangi nyekundu, hailiwi. Karanga haikuwa na dawa. Tukashauriana. Mumoja wetu akakataa, akasema, "Hii feza si yetu." Na alisema kweli. Usiku ule watoto walilia mpaka asubui. Kulipokucha, yule aliyekataa ndiye alikata kamba ya mufuko. Tulifungua mifuko mbili, tukakaanga karanga, tukagawia watoto kwanza, wakubwa nyuma.

Hesabu ni hii. Mifuko 40 iliondoka Lubumbashi. Mbili tuliwa. Kabalo tulikaa siku mbili zingine, mvua ikatunyeshea, na mifuko 5 ikalowa mpaka mbegu ikaota ndani. Iliyofika ni 33. Orodha ya waliopokea iko kwa sekretere, kila mutu anaweza kuisoma. Kama mukutano unasema tulipe ile mifuko mbili, tutailipa kidogo kidogo.

Wandugu, kusubiri tunakujua. Kule ng'ambo ya ziwa, kambini, tulisubiri miaka: foleni ya maji, foleni ya posho, foleni ya karatasi, na mwisho meli ya kurudi. Lakini orodha ilikuwa inabandikwa ubaoni. Hata kama jina lako halimo, ulikuwa unajua, unaenda kutafuta kazi ya siku ile. Kwenye treni, kitu kilichotuchokesha kuliko njaa ni kukosa kujua. Kama tungeambiwa Kamina kwamba ni siku sita, tungetafuta lori, ao tungenunua chakula mapema wakati bei ingali chini. Reli kuukuu haitengenezwi kwa siku moja, tunaelewa. Lakini ubao na chaki haina bei kali.

Kwa hiyo hatutaki kuwafanyia ninyi kile tulichofanyiwa. Ndiyo maana tumesema yote, hata ya karanga.

Tunaomba mukutano ukubali mambo matatu. Moja, mbegu inunuliwe miezi mitatu mbele ya mvua. Mbili, wajumbe wabebe chakula cha siku 14, na feza yake iandikwe mbali na ya mbegu. Tatu, tuchague memba mumoja Kamina, mumoja Kabalo na mumoja Nyunzu, wenye telefone, wa kutupasha habari na kupokea memba wetu aliyekwama, hasa bamama wanaosafiri peke yao na watoto.

Kwa wafazili: musimu ujao musituongezee mifuko ya mbegu. Tusaidieni turubai nzuri na feza ya safari. Mbegu inayofika kavu na mapema, hata ikiwa kidogo, itatulisha.

Sasa mukutano uamue juu ya ile mifuko mbili.