Mtoto Wako na Barabara Kuu ya Thika

Tumezoea kuzungumza juu ya chanjo, kuhara na lishe. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo halina chanjo, lakini lina kinga. Jambo lenyewe ni barabara.

Huenda ukajiuliza, barabara na afya vinahusiana vipi? Shirika la Afya Duniani linasema kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua watoto na vijana wengi zaidi duniani, kuanzia umri wa miaka 5 hadi 29. Hapa Kenya, watu zaidi ya 4,000 hufa barabarani kila mwaka, na kundi kubwa kati yao si madereva wala abiria. Ni watu wanaotembea kwa miguu. Ni mimi na wewe, na mtoto aliyetumwa unga dukani.

Sisi wa Thika, Juja na Ruiru tunaishi kando ya barabara kubwa. Ujenzi wake ulianza mwaka 2009, na Rais Mwai Kibaki akaifungua rasmi Novemba 2012. Ni kilomita 50 hivi kutoka Nairobi hadi Thika. Imetusaidia sana. Mgonjwa anafika hospitali upesi, na mboga zinafika sokoni zikiwa mbichi. Lakini barabara hiyo imepita katikati ya makao yetu. Nyumba iko upande huu, shule iko upande ule. Soko liko huku, kliniki iko kule. Kila siku lazima mtu avuke.

KWA NINI NI HATARI KUVUKA CHINI?

Mama, tufanye hesabu kidogo. Gari la abiria haliruhusiwi na sheria kupita mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Tuseme dereva ametii sheria. Kwa mwendo huo, gari linakwenda mita 22 kwa kila sekunde moja. Sasa wewe una mtoto mgongoni na mfuko mkononi. Upande mmoja wa barabara ukiwa na leni tatu, una upana wa mita 10 hivi. Kwa hatua zako za kawaida ukiwa na mzigo, utatumia kama sekunde 10 kuumaliza. Katika sekunde hizo 10, matatu ile uliyoiona mbali itakuwa imekwenda mita 220. Hiyo ni zaidi ya viwanja viwili vya kandanda vikiunganishwa. Na hapo umevuka upande mmoja tu. Bado wa pili.

Ndiyo maana watu husema, "Gari lilikuwa mbali, sijui lilifika saa ngapi." Macho yetu yanaona gari, lakini hayapimi vizuri mwendo wake.

Kwa mtoto hatari ni kubwa zaidi. Mtoto wa chini ya miaka tisa au kumi bado hawezi kukadiria mwendo wa gari wala umbali wake. Anafikiri kwamba kama yeye ameliona gari, basi na dereva amemwona. Ni mfupi, kwa hiyo gari lililoegeshwa linamficha kabisa. Na akiona mpira au rafiki yake upande wa pili, husahau kila kitu na kukimbia. Usimchape kwa sababu hiyo. Akili yake bado inakua. Kazi ya kufikiri ni yako wewe mkubwa.

DARAJA LA WAENDA KWA MIGUU

Barabara hii ina madaraja ya kupita juu, na sehemu nyingine zina njia za kupita chini yake. Yamejengwa kwa ajili yetu. Hata hivyo, bado tunaona watu wakipita chini ya daraja lenyewe, wakiruka uzio na kusimama katikati ya barabara wakingoja nafasi.

Nikiuliza akina mama kliniki kwa nini hawapandi daraja, hunipa majibu ya kweli. Mmoja husema, "Sista, daraja ni mzunguko mrefu na nimechelewa." Mwingine husema, "Jioni kuna giza, naogopa wezi." Mwingine naye ni mjamzito, na kupanda kunamchosha. Sitawadharau. Haya si mambo ya uvivu. Tuyaangalie moja moja.

Kuhusu kuchelewa: daraja huongeza dakika tano, au kumi likiwa mbali kidogo. Mfupa wa paja uliovunjika humlaza mtoto hospitalini kwa wiki nyingi, na wewe mama unalala naye. Shule imesimama, kibarua kimesimama, na ndugu zake nyumbani wanaangaliwa na majirani. Ondokeni nyumbani mapema kidogo.

Kuhusu giza na wezi: hofu yako ni ya haki. Kufikia saa moja jioni ni giza. Panga na majirani mnaotoka kazini pamoja mvuke kwa kundi. Watoto wa shule nao wavuke kwa kundi, na wazazi wapokezane zamu ya kuwavusha asubuhi na jioni. Pia mfikishe jambo hili kwenye baraza la chifu, kwa mwakilishi wa wadi, na kwa mamlaka ya barabara kuu, yaani KeNHA. Semeni taa zipi haziwaki, na daraja lipi limezibwa na vibanda hata hakuna pa kupita. Mtu mmoja akilalamika hasikiki. Kikundi cha akina mama thelathini kikienda pamoja, lazima kitasikilizwa.

Kuhusu mama mjamzito: panda polepole, shika chuma cha pembeni, pumzika katikati. Hakuna anayekukimbiza huko juu. Lakini ukiwa kule chini na tumbo la miezi minane, huwezi kukimbia gari.

Na jambo moja zaidi. Mtoto hujifunza kwa macho. Ukimwambia "tumia daraja", halafu siku una haraka unamvuta mkono mnavuka chini, yeye atashika lile aliloona.

MATATU NA STEJI

Ajali nyingi za watoto hutokea wakati wa kushuka. Matatu inasimama mahali popote, makanga anapiga mabati, mtoto anaruka na kuzunguka mbele ya gari ili avuke. Dereva wa nyuma hamwoni mtoto, na mtoto hamwoni dereva.

Zingatia haya:

1. Shukia kwenye steji, pale gari linapotoka nje ya barabara kubwa. Makanga akitaka kukushusha kando ya leni za magari ya kasi, kataa. Umelipa nauli.
2. Mkubwa ashuke kwanza, kisha amshushe mtoto kwa upande usio na magari.
3. Msivuke kamwe mkipita mbele au nyuma ya gari lililosimama. Lisubirini liondoke.
4. Mshike mtoto kwenye kifundo cha mkono, si vidole. Vidole huteleza.
5. Fungeni mikanda. Sheria ya mikanda katika matatu ilianza kutekelezwa mwaka 2004, na bado ni sheria. Mama mjamzito, mkanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga, usipite juu ya mtoto.

Mmesikia pia habari ya mabasi ya mwendo wa haraka, ambayo wengi huyaita BRT. Mwaka 2018 leni za barabara hii zilitiwa alama nyekundu kwa ajili ya mabasi hayo, na baadaye ujenzi wa vituo ukaanza upande wa Nairobi. Katika mpango huo, njia yetu imepewa jina la Simba, na imekusudiwa kupita Ruiru na Thika hadi Kenol. Kwa nini nalitaja hapa? Kwa sababu vituo vya mabasi ya namna hii mara nyingi huwekwa katikati ya barabara, si pembeni. Wenzetu wa Dar es Salaam wana mabasi ya mwendokasi tangu Mei 2016, na abiria wao huingia vituoni katikati ya barabara. Maana yake ni kwamba kila abiria atavuka nusu ya barabara akienda na nusu nyingine akirudi. Bila daraja au kivuko chenye taa, kituo cha namna hiyo ni mtego. Mkiitwa kwenye mikutano ya maoni ya wananchi kuhusu vituo hivyo, nendeni. Ulizeni: mtoto wa darasa la pili atafikaje hapo? Mama mwenye mtoto mlemavu kwenye kiti cha magurudumu atapandaje? Ni rahisi kuuliza wakati wa mchoro kuliko baada ya saruji kukauka.

BAISKELI NA BODABODA

Kando ya barabara yetu kuna sehemu zenye njia ya waendao kwa miguu na baiskeli. Hapo ndipo mahali pa baiskeli, si kwenye leni za magari ya kasi. Kwa bahati mbaya, njia hiyo mara nyingi imejaa bodaboda, mikokoteni na meza za biashara. Ndugu mwenye meza, nakujua unatafuta riziki. Sogeza meza yako nyuma kidogo ili mwenye baiskeli asilazimike kuingia barabarani kukukwepa.

Ukimbeba mtoto kwa baiskeli, angalia miguu yake. Mguu ukiingia kwenye spoki za gurudumu, hukatika vibaya kisiginoni, na kidonda chake huchukua muda mrefu kupona. Mtoto avae viatu vya kufunika, na gurudumu liwekewe kinga. Usiku, baiskeli iwe na taa na mwendeshaji avae jaketi inayong'aa.

Bodaboda inaruhusiwa abiria mmoja tu. Watoto watatu wa shule kwenye pikipiki moja ni makosa, hata kama ni jirani yenu anayewabeba kwa wema. Tena bomba la moshi huwachoma watoto miguu. Mtoto akiungua, mwagilia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala mafuta, wala unga. Kisha mpeleke kliniki.

MTOTO AKIGONGWA

Mungu atuepushe, lakini tujue la kufanya.

Kwanza, hakikisha magari yamesimamishwa ili nawe usigongwe. Omba msaada kwa simu 999 au 112. Usimnyanyue mtoto kwa mikono na miguu kama gunia. Akiwa amelala mahali salama, mwache hapo, mtu amshike kichwa na shingo visisogee. Ikiwa lazima asogezwe, ashikwe na watu kadhaa kwa pamoja, mwili ukiwa umenyooka. Damu ikitoka, bonyeza hapo kwa kitambaa au leso safi, usiachilie. Usimpe maji wala chakula, kwa maana huenda akahitaji kufanyiwa upasuaji. Mfunike asipate baridi.

Kuna jambo moja ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto anaweza kugongwa, akainuka, akalia kidogo, akaanza kucheza tena. Mama anashukuru na kumpeleka nyumbani. Saa chache baadaye mtoto anasinzia, watu wanadhani ni uchovu. Huenda damu inavuja ndani ya kichwa. Kwa hiyo kila mtoto aliyegongwa na gari au pikipiki apelekwe hospitali, hata kama hana kidonda. Hapa kwetu kuna Hospitali ya Thika Level 5, na kuna ile ya Ruiru. Ukisharudi naye nyumbani, mrudishe mara moja ukiona dalili hizi:

- anatapika tena na tena;
- anasinzia isivyo kawaida au ni vigumu kumwamsha;
- anashikwa na degedege;
- mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine;
- maji au damu inatoka sikioni au puani;
- analia kwa kichwa kuuma na hatulii, au tumbo limevimba na kuuma.

Usisubiri asubuhi.

TUKUMBUKE

Mtoto wa chini ya miaka kumi asivuke barabara kuu peke yake. Tupite kwenye daraja kila siku, hata tukiwa na haraka. Tushukie stejini. Aliyegongwa aende hospitali hata akiwa anacheka. Na pale daraja au taa haipo, tuseme kwa sauti moja.

Wasalimie nyumbani, na mkivuka jioni hii, mshikane.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Watoto wetu huvukia wapi wakienda shule? Ni nani huwavusha?
2. Ni daraja lipi karibu nasi ambalo watu hawalitumii, na sababu ni nini?
3. Ni nani kati yetu atapeleka malalamiko yetu kwa chifu na mwakilishi wa wadi, na lini?